Tusingoje bakteria watufagilie kijiji

Nataka kutoa maoni yangu juu ya jambo ambalo limenikaa moyoni tangu mwezi Juni. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini, katika mkoa wa Dodoma. Umri wangu ni miaka thelathini na minne na elimu yangu ni ya chuo cha ualimu. Maabara niliyoizoea ni ubao, chaki na bustani ya shule. Hata hivyo naamini kwamba jambo linalowahusu wananchi wote halina budi kusemwa hata na mtu wa kijijini.

Jambo lenyewe ni plastiki, na hasa habari iliyoenea kwamba wataalamu wamepata bakteria wanaokula plastiki.

Kijijini kwetu tuna lambo ambalo mifugo hunywa maji. Kando ya lambo hilo upepo umekusanya chupa za maji na mifuko ya nailoni hata miiba imegeuka kuwa na majani meupe. Mwaka huu mzee mmoja jirani yangu alipoteza mbuzi watatu. Mbuzi wa tatu alipoanza kuvimba tumbo na kukataa majani, mzee aliamua kumchinja. Nilikuwapo. Ndani ya tumbo tulitoa bonge la mifuko lililosokotana na nyasi, kubwa kama kichwa cha mtoto. Mbuzi yule alikuwa ameshiba plastiki na huku anakufa kwa njaa. Mzee huyo alikuwa akiwatunza mbuzi hao kwa ajili ya sare na mahitaji ya shule ya mjukuu wake, ambaye ni mwanafunzi wangu.

Jambo hilo lilifikishwa kwenye mkutano wa kijiji. Tulitegemea kwamba tutapanga siku ya kuokota taka na mahali pa kuzikusanya. Lakini mtu mmoja mwenye sauti kubwa kijijini alisimama akasema: "Ndugu zangu, msihangaike. Huko Ulaya wameshapata vijidudu vinavyokula plastiki. Siku si nyingi vitaletwa na huku, vitamaliza zote." Watu wakacheka, wakapiga makofi, na mkutano ukahamia kwenye ajenda nyingine. Taka za lambo zipo mpaka leo.

Ndugu Mhariri, sikuridhika. Jioni ile niliazima simu ya mwalimu mwenzangu, nikaanza kusoma habari hizo, na nimeendelea kusoma kila ninapopata nafasi. Nimegundua kwamba habari ni ya kweli, lakini haisemi yale yaliyosemwa mkutanoni.

Kwanza, aliyefanya mojawapo ya kazi hizo hakuwa profesa mwenye mvi. Alikuwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza, Morgan Vague, wa chuo cha Reed kilichopo mji wa Portland, Marekani. Katika chuo hicho kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho hufanya utafiti wake na kuuandikia tasnifu. Yeye alitoka Houston, katika jimbo la Texas, mahali penye mitambo mingi ya kusafishia mafuta. Akafikiri kama anavyofikiri mchungaji anayetafuta ng'ombe aliyepotea: nenda palipo na malisho. Plastiki hutengenezwa kutokana na mafuta ya petroli. Basi kama kuna bakteria waliojifunza kula vitu vya namna hiyo, watakuwa kwenye udongo na maji yaliyochafuliwa na mafuta kwa miaka mingi.

Alichota udongo na maji katika maeneo hayo akarudi navyo chuoni. Kutokana na sampuli hizo alipima bakteria wa aina zipatazo 300. Alichokuwa akitafuta ni wale wenye uwezo wa kutoa lipasi, yaani kimeng'enya kinachomeng'enya mafuta. Hata katika tumbo la binadamu kimo kimeng'enya cha jamii hiyo. Kati ya 300 walipatikana 20 wenye uwezo huo, na kati ya 20 hao watatu ndio waliotoa kimeng'enya hicho kwa wingi. Akakata vipande vya chupa ya maji, akawapa hao watatu wale hivyo tu, bila chakula kingine. Wakaanza kuvila. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 2018.

Kazi haikuishia hapo. Mwalimu wake, Jay Mellies, pamoja na wanafunzi na watafiti wengine waliendelea nayo, na mwaka 2020 walichapisha matokeo katika jarida la kisayansi. Walieleza juu ya kundi la bakteria watano, watatu wa jamii ya Pseudomonas na wawili wa jamii ya Bacillus, ambao wakiwekwa pamoja huivunja plastiki ya chupa vizuri kuliko kila mmoja akiwa peke yake. Niliposoma hapo nilitabasamu. Sisi tuliokua tukiimbiwa kwamba umoja ni nguvu, kumbe hata vijidudu visivyoonekana kwa macho vinalijua somo hilo.

Wala Wamarekani hawakuwa wa kwanza. Mwaka 2016 watafiti wa Japani walitangaza kwamba wamepata bakteria katika mji wa Sakai, mahali ambapo chupa za plastiki hukusanywa ili zitengenezwe upya. Walikuwa wamechunguza sampuli 250 za udongo, matope na maji machafu. Bakteria huyo, aliyepewa jina la Ideonella sakaiensis kwa heshima ya mji huo, aliweza kula karibu yote utando mwembamba wa plastiki ya chupa kwa muda wa wiki sita, katika joto la nyuzi 30.

Sasa hebu tutazame yale ambayo hayakusemwa kwenye mkutano wetu.

La kwanza, plastiki si kitu kimoja. Chupa za maji zimetengenezwa kwa plastiki inayoitwa PET. Mifuko ya nailoni imetengenezwa kwa plastiki nyingine iitwayo polithini. Mtu anaweza kuifananisha PET na mkufu wa shanga uliofungwa vifundo, na vifundo hivyo vinafanana na vile vya mafuta ya kula kwa namna vilivyofungwa. Ndiyo maana kimeng'enya kilichozoea mafuta kinaweza kuvikata. Polithini haina vifundo vya namna hiyo, bali ni uzi mmoja mgumu usio na mahali pepesi pa kukatia. Bakteria wa Texas na wa Sakai walipewa plastiki ya chupa. Lakini mbuzi wa jirani yangu aliuawa na mifuko! Hata kama bakteria hao wangemwagwa leo kwenye lambo letu, mifuko ile wangeiacha ilivyo.

La pili, hata hiyo chupa si rahisi kuliwa. Utando ule wa Japani ulikuwa laini na mwembamba sana, lakini chupa ya dukani huvutwa na kukazwa kiwandani ili isipasuke, na plastiki iliyokazwa hivyo humshinda bakteria haraka. Mwaka 2020 watafiti wa Ufaransa walionyesha kimeng'enya walichokiboresha ambacho huvunja asilimia 90 ya plastiki ya chupa kwa saa kumi. Ni ushindi mkubwa. Lakini kazi hiyo hufanyika ndani ya mtambo, plastiki ikiwa imekwisha kutayarishwa na kusagwa, katika joto la nyuzi 72. Wapi kandokando ya lambo utapata joto la namna hiyo?

La tatu, na hili ndilo kubwa, hata kiwanda cha namna hiyo kikijengwa hapa nchini kesho, mtu wa kwanza kitakayemhitaji ni yule aliyeokota chupa na kuitenga. Mtambo hautembei porini kutafuta taka. Kwa hiyo aliyetuambia tusihangaike alikuwa amegeuza mambo juu chini. Ugunduzi huu unatutaka tuokote zaidi.

Plastiki hii ni changa sana duniani. PET ilivumbuliwa Uingereza mwaka 1941, na chupa yake ya kutilia vinywaji ikapewa hataza Marekani mwaka 1973. Bakteria wapo duniani kwa zaidi ya miaka bilioni tatu. Katika muda huo wamejifunza kula majani, magogo, mizoga na mavi, ndiyo maana misitu haikujaa maiti. Chupa ni mgeni aliyefika jana jioni, na wachache sana ndio walioanza kumzoea. Sisi tunawatupia mzigo mpya kila siku na kutaka waumalize mara moja.

Ndugu Mhariri, sasa naomba nieleze tulilolifanya shuleni, maana ndilo hasa lililonifanya niandike barua hii.

Mwezi Januari, mvua zilipokuwa zimeshika, nilichimba shimo nyuma ya darasa pamoja na wanafunzi wangu wa darasa la sita. Tulifukia vitu sita: ganda la ndizi, jani la mwembe, karatasi ya daftari, kipande cha kanga kuukuu, kipande cha chupa ya maji na kipande cha mfuko wa nailoni. Kila kimoja tulikiwekea kijiti chenye namba. Mwezi Juni, kabla ya kufunga shule, tulifukua. Ganda la ndizi halikuonekana. Jani na karatasi vilikuwa vimekuwa udongo. Kanga ilikuwa imebaki nyuzi chache zilizokatika mara tulipozishika. Kipande cha chupa kilipooshwa kiling'aa kama kilivyokuwa Januari. Mfuko nao ulikuwa vile vile.

Nilikuwa nimekwisha kuwasimulia habari ya yule mwanafunzi wa Marekani. Basi msichana mmoja, huyo huyo mjukuu wa mzee mwenye mbuzi, akanyoosha mkono akaniuliza: "Mwalimu, ina maana udongo wetu hauna vijidudu hivyo, au vimo ila sisi hatuna cha kuvionea?"

Nilinyamaza. Nimefundisha miaka kumi na moja na sijapata kuulizwa swali zuri kama hilo. Hadubini katika shule yetu ni mchoro wa chaki ubaoni. Nilimwambia kwamba miezi mitano ya kufukia haitoshi kusema havimo, na kwamba anayetaka kujua lazima achote udongo, awaoteshe bakteria na kuwapima mmoja mmoja, kama alivyofanya yule dada kwa wale 300. Akauliza tena: "Basi nani atakuja kuchota wa kwetu?"

Swali hilo nalifikisha kwako, Mhariri, na kwa wote wanaohusika.

Kuna kasumba iliyotuingia kwamba utafiti ni kazi ya watu wa mbali, na kwamba kazi yetu sisi ni kungoja matokeo yake yaletwe kwa meli. Kasumba hii ni mbaya kuliko taka zenyewe. Yule aliyesema mkutanoni kwamba vijidudu vitaletwa hakuwa na nia mbaya. Alikuwa akisema lile ambalo wengi wetu tumelizoea. Lakini Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alitaka shule imfundishe mtoto kufikiri na kuuliza, wala si kukariri tu. Mtoto wa kijijini ameuliza. Je, tumjibu kwamba angoje?

Na tusidhani kwamba jambo hili haliwezekani Afrika. Mwaka 2024 watafiti wa kituo cha icipe, kilichopo Nairobi kwa jirani zetu wa Kenya, walichapisha habari za viwavi wa mbawakawa mmoja mdogo ambao wanaweza kula ile plastiki nyeupe nyepesi inayofungiwa televisheni na majokofu. Watafiti hao waliwatazama pia bakteria wanaoishi matumboni mwa viwavi hao. Mbawakawa huyo asili yake ni Afrika. Walipata jibu kwa kutazama kilichopo chini ya miguu yao.

Kwa hiyo natoa maoni yafuatayo.

Kwa vyuo vikuu vyetu: wanafunzi wa sayansi wanaotakiwa kufanya utafiti wa mwisho wapelekwe kuchota udongo kwenye majalala yetu, gereji zetu na pale panapomwagika mafuta kwa miaka mingi. Udongo tunao, na taka kwa bahati mbaya tunazo. Na wakisha kupata majibu, yawe mazuri au mabaya, warudi kijijini kuwaeleza waliowapa udongo huo. Yule msichana wangu anangoja.

Kwa wanaogawa vifaa vya shule: siombi maabara kwa kila shule ya msingi. Naomba hadubini moja kwa kata, izunguke kutoka shule hadi shule kama inavyozunguka mizani ya kliniki ya watoto. Mtoto akimwona kijidudu mara moja kwa macho yake hatasahau maisha yake yote.

Kwa walimu wenzangu: shimo halina bei. Jembe lipo, udongo upo, na taka zipo. Chimbeni Januari, fukueni Juni. Somo hilo huingia kwa watoto na huwafikia wazazi jioni ile ile bila kuitisha mkutano.

Kwa wananchi wenzangu nasema kwamba sheria imekwisha kutusaidia. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania bara, na tofauti imeonekana. Lakini vifungashio vyepesi vinageuzwa kuwa mifuko ya kubebea, na chupa bado zinatupwa ovyo. Chupa ikikaa juani miaka mingi hukatika vipande vidogo, watu wakadhani imeoza. Haijaoza. Imekuwa plastiki ndogo ndogo inayoingia kwenye udongo na maji. Afadhali chupa hizo zikusanywe penye kivuli, zitumike tena kwa mafuta ya taa au mbegu, na zinazobaki ziuzwe kwa wanunuzi wanaopita na magunia.

Tena tuache kuwashia mkaa kwa nailoni. Hapa sina haki ya kumnyooshea mtu kidole, maana nyumbani kwangu tulifanya hivyo miaka mingi. Ni rahisi, huwaka upesi hata mvua ikinyesha. Mtoto wangu mdogo alikuwa akikohoa kila asubuhi, nasi tukalaumu baridi. Siku moja mke wangu akaniambia: "Baba, unafundisha watoto wa watu habari za plastiki, na wa kwako unamfukizia." Maneno hayo yalinichoma. Moshi wa plastiki una sumu, hasa kwa kifua cha mtoto. Sasa tunawashia maganda makavu ya mahindi na vijiti. Inachukua dakika chache zaidi, nasi tumezoea.

Mwisho, namrudia yule ndugu wa mkutanoni, nami namheshimu kama mkubwa wangu. Bakteria ni ndugu zetu wa kazi katika dunia hii. Shambani wanatutengenezea rutuba, na huenda siku moja wakatusaidia na chupa pia. Lakini yule mwanafunzi wa Marekani hakuwapata kwa kukaa na kungoja. Aliinama akachota udongo kwa mkono wake. Nasi tuiname tuokote. Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao mimi na wanafunzi wangu tutakuwa lambo na magunia. Mzee mwenye mbuzi amesema atakuja. Nawakaribisha na wengine.

 

Ni mimi,
Mwalimu wa Kijijini,
Mkoa wa Dodoma.